Mpigie Mama Asubuhi

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumanne, 14 Mei, asubuhi

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku miili ni mizima. Moyo wangu ndio haujatulia, kwa hiyo nivumilie nikienda mbio.

Tangu ile simu ya jioni hujapiga tena, na zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Najua ilikukata maini mama kukwambia hukuja kumzika baba. Nilikuwa jikoni, nikasikia, nikatamani ardhi inimeze. Ulikuja, kaka. Ulibeba jeneza na mvua yote ile, majirani ni mashahidi.

Nimempeleka mama kwa daktari. Anasema ni uzee: asubuhi kumbukumbu zake zimekaa mahali pake, jioni akili ikichoka zinaingiliana, na penye pengo anajaza lolote. Si uongo wala kinyongo. Anaamini anachosema, ndiyo maana kinauma.

Ungemwona asubuhi! Anakata kitambaa huku akitaja vipimo vya viuno vya wateja wake, hata vya wale ambao wangependa avisahau. Jua likizama, ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Na wewe hupiga ukitoka kazini, kwa hiyo muda wote huu umekuwa ukiongea na mama wa jioni.

Kinachoninyima raha ni kwamba hiyo asubuhi yenyewe inafupika. Zamani alikuwa sawa mpaka alasiri. Siku hizi tukishakula cha mchana tu, mkono wa kushoto wa shati anaushonea kulia. Naogopa, kaka. Ukitaka kununa, ninunie mimi. Yeye mpigie kabla hujaenda kazini.

Nisalimie wifi na watoto, hasa yule kitinda mimba mwenye ubishi wako. Shangazi na mjomba fundi viatu wanakusalimu sana. Mungu akulinde, na akulainishe moyo mapema.

Akupendaye bila kuchoka,
dada yako, Mama Maneno

Nilikuwa nafunga bahasha, nikamwambia mama nakuandikia. Bila kuinua macho kwenye cherehani amesema lile shati la kijivu, ulilolivua likiwa limelowa siku ya mazishi, bado analo, na kifungo kilichokatika ameshakirudisha. Anauliza kama umenenepa, alipanue kwapani. Amesema umjibu asubuhi, maana jioni siku hizi hajiamini.