Viti Havijasema

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa kujuliana hali, lakini leo nisamehe, nikianza na hali nitaishiwa ujasiri. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Kila asubuhi, kabla watu hawajafika ofisini, mimi huongea na viti. Sinong'oni, Shangazi. Navikaribisha kwa sauti, naviuliza maswali, kisha nahamia kwenye kimoja kimoja ili nijijibu mwenyewe.

Haya, nimesema. Sasa niambie, u mzima? Zile zamu za wodini bado zinakukeshesha? Mume wako amepona kifua? Sisi huku hatujambo. Goti la mama linasumbua anapopanda ngazi, ila akisikia jirani ana habari mpya, anashuka mbio kuliko mimi. Baba yuko na wembe wake na wateja wake. Bado ananiita Bi Kimya mbele yao, nami bado najificha nyuma ya pazia.

Mama alikwambia kwenye simu kwamba nimepata kazi, kisha laini ikakatika. Ngoja nikueleze vizuri. Kuna mradi wa kujenga daraja la kuunganisha nchi yetu na ya ng'ambo ya mto. Mimi ni msaidizi wa mratibu, kwa majaribio. Ofisi iko ghorofani juu ya duka la rangi, kwa hiyo sote tunanukia kama ukuta mpya. Usidhani nakanyaga saruji. Hakuna hata jiwe lililowekwa. Kazi ya sasa ni kuwafanya watu waelewane, na nimegundua hiyo ndiyo ngumu kuliko jiwe lolote.

Mratibu ni mwanamama mrefu anayetembea kama anayechelewa hata akiwa amewahi. Dereva wa ofisi alimpa jina la Mama Ratiba, naye analijua na analipenda. Alinipokea vizuri, lakini aliniambia wazi kwamba msaidizi wake ndiye hufungua vikao: anakaribisha wageni na kusoma ajenda. Nikishindwa, atatafuta mwingine, na hatakuwa na kinyongo. Shangazi, unanijua. Nilimwitikia kwa kichwa tu.

Ndipo nikakukumbuka. Unakumbuka nilipoanza shule, nilivyokuwa siitikii jina langu mwalimu akiita? Ulipanga vigoda vya jikoni mstari mmoja, ukaweka ndoo mbele, ukasema hawa ndio wanafunzi wenzako na ndoo ndiye mwalimu. Nikamwitikia ndoo mpaka nikazoea. Basi ofisini nikaanza tena, ila safari hii wanafunzi ni wahandisi.

Vikao viwili vya mwanzo vilivunjika. Sisi tulikaa upande huu wa meza, wa ng'ambo upande ule, kama watu wenye kesi. Mhandisi wetu alipima udongo wa ukingo wetu, mhandisi wao akapima wa kwao, na kila mmoja anaona vipimo vya mwenzake ni vya kubahatisha. Bila kukubaliana kuhusu udongo hakuna anayeweza kuchora nguzo. Wafadhili wakasema kikao cha tatu kikivunjika, fedha zao watazipeleka kwingine. Mama Ratiba siku hizo alikuwa anakunywa chai bila kukumbuka sukari.

Asubuhi ya kikao hicho nilifika mapema. Nikapanga vibao vya majina kama siku zote, wetu huku, wao kule, nikaanza mazoezi yangu. Siku hiyo nilikuwa nagombanisha wahandisi wawili, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikijibu kwa niaba ya wote, ilinibidi kuzunguka meza kila mmoja anapotaka kusema. Nilichoka! Nikaona heri niwaweke karibu. Nikahamisha vibao: mhandisi kando ya mhandisi, mtu wa forodha kando ya mtu wa forodha, hivyo hivyo meza nzima. Ugomvi ukawa rahisi sana.

Mara dereva akapiga honi chini. Amekuja na katoni za maji na hana wa kumsaidia. Nikashuka, tukabeba, katoni moja ikapasuka kwenye ngazi, tukaokota chupa hadi mlangoni mwa duka la rangi. Nilipoinua kichwa, wageni walikuwa wanapanda. Vibao nilikuwa nimevisahau kabisa.

Wote wakasimama wakitafuta majina yao. Mhandisi wa ng'ambo aliangalia kibao chake, akamwangalia wetu.

“Mmeniweka na huyu?”

“Kaa bwana, siumi,” wetu akamjibu. “Labda ukigusa mchoro wangu.”

Watu wakacheka kidogo, wakakaa. Mama Ratiba alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kulikumbuka, kisha akanipa ishara nifungue.

Nikasimama. Shangazi, sauti haikuja. Nilifungua mdomo kama samaki. Mtu mmoja akasema, “Binti, sisi tumetoka mbali, tusaidie basi,” na mwingine akamnyamazisha. Nikataka kutoka mbio. Ndipo nikaona kiti kimoja kitupu pale mwisho, karibu na dirisha. Mwanasheria wao alikuwa ameomba udhuru. Nikakitazama kile kiti, nikakukalisha wewe, na kanga yako begani, na kidole chako kile cha kusema endelea. Nikakukaribisha wewe. Nikakusomea wewe ajenda, yote, hadi mstari wa mwisho. Nilipokaa, nilikuwa nimemaliza.

Yaliyofuata sikuyafanya mimi. Meza yetu ni nyembamba, na wahandisi walipotandaza michoro, mmoja ukalala juu ya mwingine. Wakaanza kusukumana viwiko. Kisha mmoja akaazima penseli. Ilipofika chai walikuwa wameinamisha vichwa pamoja, wakigombana bado, lakini kwa sauti ya watu wanaotaka kujua. Mwishowe wakakubali kwamba kikundi kimoja kitachimba na kupima kingo zote mbili, wao wawili wakiwa wamesimama palepale. Mama Ratiba akaweka sukari kwenye chai yake. Nilimwona.

Wageni walipoondoka, akafunga mlango, tukabaki wawili.

“Nani kachezea vibao?”

“Ni mimi, mama. Nilivihamisha, nikasahau kuvirudisha.”

“Ulivihamisha ili iweje?”

Hapo nikaanza kukusanya vikombe vya chai. Ningesemaje? Kwamba nilichoka kuzunguka meza nikijijibu? Akaketi kwenye kiti cha mhandisi na kuvua viatu.

“Nilitaka uniambie ulifikiria mbali, nikusifu,” akasema. “Umeniambia umesahau. Basi hilo ndilo nimelipenda. Wiki ijayo tunavuka kwenda kwao. Vibao uvipange hivihivi, na utakayefungua ni wewe. Majaribio yamekwisha.”

Nilitoka pale, nikaenda kumsaidia dereva kubeba chupa tupu, nikiwa nimejaa machozi. Akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia hapana, tena kwa sauti ambayo hata mwenye duka la rangi aliisikia.

Nisalimie mume wako na wale mapacha wanaokataa kuoga. Babu anakusalimu, na dada yangu mkubwa anasema picha zako zimekuwa chache. Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe wagonjwa wapole na miguu isiyochoka, na daraja likisimama, akulete kwetu tulivuke pamoja.

Kule ng'ambo nitahakikisha kuna kiti kimoja cha ziada karibu na dirisha. Hakitakuwa na kibao. Wewe utajua ni cha nani.

Lakini hili la viti, Shangazi, nakuomba libaki letu. Baba akilijua, kila kichwa kitakachokaa mbele ya wembe wake kitalijua pia. Viti vyenyewe vimenisikiliza siku zote hizi na havijasema neno. Nawe usiseme.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye sana,
Bi Kimya.