Mtu Ana Miaka, Hawi Miaka

El Pedernal, Michoacán
14 Septemba 2014

Mjukuu wangu Yareli,

Nakusalimu, na kama kile kikohozi hakijakuacha, sema. Mimi mguu wa kushoto umevimba, wa kulia unafanya kazi ya miwili. Mbuzi wazima. Jibini la wiki hii limetoka chungu, lakini wateja wamelila wakanyamaza.

Barua yako nimeisoma mara tatu, si kwa utamu wake, ni kwa huo mwandiko wako kama kuku aliyekanyaga wino. Unasema mwalimu wa Kiingereza amekukata alama kwa sababu umeandika kwamba una miaka kumi na miwili. Eti huko mtu hana miaka, yeye ni miaka. Nimesoma madarasa matatu tu, na la tatu sikulimaliza, lakini najua kwamba mtu hawi miaka. Miaka unapewa, unakaa nayo. Mtu akiwa miaka, mbuzi awe nini? Lakini andika anavyotaka huyo mwalimu, usije ukarudia darasa ukaniaibisha. Na hayo maneno mengine nitumie, nayaandika kwenye kalenda ukutani. Usidhani bibi yako ni gogo.

Mama yako sikuulizii. Mwambie aache kupiga simu dukani kwa doña Chole. Mtu aliyeondoka alfajiri na wewe mkononi bila kuniaga mimi mama yake, miaka minne sasa, anataka tuongee nini? Siendi kupokea.

Bibi yako,
Eufrasia


Sunnyside, Washington
19 Oktoba 2014

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, kikohozi kimeisha. Baba bado yuko kwenye shamba la zabibu, na Mama anachambua matufaha kiwandani, mikono yake inanuka matufaha hata akioga.

Andika hivi kwenye kalenda. "Has" ni ana. Lakini kwenye miaka mwalimu analikata kila mara, kwa sababu sisi wote tuliotoka huko tunakosea hapo hapo. Badala yake anaandika "is", yaani ni. Na kama jambo limepita, si "is" tena, ni "was". Juan is mgonjwa, bado anaumwa. Juan was mgonjwa, yamekwisha.

Mama ameisoma barua yako akiwa amesimama jikoni. Alicheka kwenye ile ya mbuzi. Kisha akaingia chumbani. Kaniambia nikuulize kama unameza dawa za presha au unamlisha paka.

Mjukuu wako,
Yareli


El Pedernal
28 Desemba 2014

Yareli,

Natumaini mmeipitisha Krismasi mkiwa wazima. Huku tulikuwa wawili, mimi na paka, na dawa nameza, mwambie huyo anayeuliza.

Nimejifunza. "Is", aliyepo. "Was", aliyekuwepo. Nimemwonyesha padri, akasema natamka kama mtu mwenye mwiba kooni. Nikamwambia yeye na Kilatini chake hana la kunicheka.

Sasa sikiliza, na hili umsomee kwa sauti. Mimi sitaanza. Mimi ndiye mama. Lakini akiniandikia mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe, hata wa kuuliza bei ya maharage, nitajibu. Asiombe msamaha, anajua hawezi, ana kiburi. Sijui alikitoa wapi. Mstari mmoja tu.

Naitia barua hii posta leo, nimetembea kwa huo mguu.

Bibi yako


Sunnyside
8 Machi 2015

Bibi,

Shikamoo. Tuko salama. Samahani nimechelewa, shule ina kazi nyingi. Mama anakusalimu. Naye ana kazi nyingi.

Nimekuwekea humu karatasi yangu ya sarufi. Tuliambiwa tuandike kuhusu watu wa nyumbani. Nimepata themanini.

Yareli


El Pedernal
2 Aprili 2015

Yareli,

Leo sikuulizi hali.

Karatasi yako niliipokea Jumatatu. Niliifungua nikiwa na furaha, nikaitandaza mezani, nikaishusha kalenda. Sijui Kiingereza, lakini majina nayajua na namba nazijua. Mstari wa kwanza umeandika Efraín, baba yako, "has" arobaini. Mwalimu amekata "has" kwa wino mwekundu, juu yake ameandika "is". Vizuri. Mstari wa pili, Yareli "has" kumi na mbili, amekata, ameandika "is". Vizuri. Mstari wa tatu, Maricela "has" thelathini na sita. Amekata. Juu yake hakuandika "is".

Nilidhani mwalimu amechoka. Nikasema labda mtoto amekosea umri, labda mama yake amegonga thelathini na saba na mwalimu anamaanisha alikuwa thelathini na sita. Nikahesabu kwa vidole. Mimi ndiye niliyemzaa, mwezi wa nane, mvua ikivuja juu ya kitanda. Thelathini na saba bado.

Niliketi na hiyo karatasi mpaka mbuzi wakaanza kulia hawajakamuliwa.

Yareli, mwalimu wako anajua nini ambacho mimi sikijui? Nijibu wewe. Simtaki baba yako. Na usinipambe maneno.

Bibi yako


Sunnyside
20 Aprili 2015

Bibi,

Mama amefariki.

Ilikuwa tarehe kumi na tatu Januari, asubuhi, akienda kazini. Barabara ilikuwa barafu na gari likateleza. Walituambia hakuumia kwa muda mrefu. Tulimzika huku tarehe ishirini.

Baba alisema tusikuambie kwanza, kwa sababu ya presha, na kwa sababu hata tukikuambia hutaweza kuja. Alisema yeye ndiye atakayekuambia. Kila Jumapili anasema Jumapili ijayo. Zile salamu za mwezi wa tatu niliziandika mimi.

Baba alinikataza kusema. Kutuma kazi ya shule hakunikataza.

Mimi niliandika "has", Bibi. Nilijua mwalimu atakata. Nilitaka nione ataandika nini.

Barua yako ya Desemba tuliikuta kwenye sanduku tuliporudi kutoka makaburini. Nimeisoma kwa sauti kama ulivyosema. Nimeisomea jikoni, hapo alipokuwa anasimama.

Usinikasirikie.

Mjukuu wako,
Yareli


El Pedernal
11 Mei 2015

Yareli, mtoto wangu,

Nimekukasirikia siku mbili. Kisha nikaona hakuna aliyebaki wa kukasirikiwa isipokuwa bibi mmoja na miguu yake.

Baba yako mwambie ni mwoga, na mwambie ale. Wanaume wa kwao wakifiwa hawali.

Tumesali rozari alasiri tisa, hapa nyumbani, bila jeneza. Nililichukua lile gauni lake la bluu aliloliacha kwenye msumari nikalilaza juu ya meza, na msalaba wa chokaa sakafuni chini ya meza, kama anavyofanyiwa maiti. Wanawake wa mtaa walikuja wote, hata wale ninaowasema. Waliniuliza Maricela amekufa lini. Nikawaambia jana. Doña Chole akafungua mdomo kunisahihisha, nikamtazama, akaufunga.

Alipiga simu dukani mara kumi na moja. Chole alikuwa anaandika kila mara, na sasa amenionyesha. Mara ya mwisho ilikuwa siku ya mwaka mpya. Nilikuwa uani kwangu, hatua ishirini kutoka dukani. Nilimwambia Chole aseme nimelala.

Hilo sijamwambia hata padri.

Jumapili piga simu dukani, baada ya misa. Nitakuwa nimekaa hapo kwenye gunia la mahindi tangu asubuhi. Sijui kama sauti itanitoka. Ukisikia kimya usikate, Yareli. Endelea kuongea. Niambie umekula nini, niambie chochote. Huyo anayehema upande wa pili ni mimi.

Bibi yako