Shati la Kijani

Vårby gård, Uswidi

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko kaskazini jeshini? Sisi tu wazima. Mama yako bado anafanya usafi uwanja wa ndege, na mdogo wako hunijibu kwa Kiswidi hata nikimwita kula.

Umeniuliza kama na kwetu askari wa nchi kavu waliwacheka wenzao kwa sababu ya sare mpya. Walifanya mabaya zaidi.

Nikiwa msichana nilishona sare kambini. Mwaka ule jeshi la anga lilipewa sare za buluu, na wa nchi kavu, waliobaki na kijani, wakanuna. Siku moja askari wa anga alianguka kutoka kwenye lori mbele ya karakana yetu, akavunjika mguu, damu ikamtoka. Tukambeba hadi zahanati ya nchi kavu. Sajini mlangoni akamtazama nguo tu.

"Huyu si wetu. Mpelekeni kwao."

Kwao kulikuwa mbali, na damu ilizidi kutoka. Nikakimbia kuchukua shati la kijani nililotoka kulishona, nikamvisha, suruali yake ya buluu tukaifunika blanketi. Tukapitia mlango wa nyuma, akapokewa papo hapo.

Kesho yake niliitwa ofisini.

"Nani alikuruhusu kutoa shati la serikali?"

"Na mguu wake, afande, huulizi?"

Nikafukuzwa kazi. Neema, hadi leo nikikumbuka, damu inanichemka! Shati waliliulizia mara tatu. Kama yule kijana alipona, hakuna aliyeuliza.

Alipona. Najua kwa sababu nilikwenda kumtazama mwenyewe.

Ni mimi nyanya yako anayekuombea,
Rael