Kidude cha Twalha

Safina, Twalha katutoka. Twalha huyu huyu, mume wa Johari. Kesho asubuhi tunamzika kwao Mbwera.

Kile kidude cha plastiki cha kuvaa mdomoni akilala, pumzi zisimkatike? Leo mchana kalala bila kukivaa. Johari ndiye aliyemwambia, "Kitoe, mume wangu, kitakuharibia funga."

Kitakuharibia funga!! Shehe kaja hapa msibani anasema hakiharibu kitu. Sasa ndiyo anasema!

Johari alikuwa uani anakuna nazi ya futari, anamsikia mumewe chumbani. Anakoroma, anakoroma. Mara kimya.

Hakushtuka, Safina. Alifurahi. Akasema, "Alhamdulillahi, leo kalala vizuri."

Akaendelea kukuna nazi.