Uzinduzi wa Daraja Ambalo Halipo

Alhamisi, Kibondo. Mawingu tangu asubuhi, mvua inatishia tu, na mimi nina hasira ambayo jana niliwapa watu wengine kumbe ni yangu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mhariri wa taarifa ya habari ya kituo kidogo cha televisheni ya kebo kinachoonekana hapa Kibondo na Kasulu. Mhariri, msomaji, na siku nyingine mfagiaji. Mpiga picha ni Mikidadi, baba wa watoto wawili, mtu wa Kasulu. Taarifa inaruka mara mbili kwa wiki. Pango na umeme vinalipwa na mdhamini wetu pekee, Haji Seif, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu.

Gari hatuna. Kwa hiyo tunakwenda tunakoalikwa. Mwenye shughuli anatuma gari, anatukalisha mbele, anatulisha, anatupa bahasha, nasi tunampa dakika tatu hewani. Shughuli lazima iwe na mgeni rasmi, la sivyo Mikidadi hajui kamera aielekeze wapi. Ndivyo tulivyozoea. Sikuwahi kukaa nikaliwaza.

Wiki iliyopita ilikuja barua yenye muhuri kutoka kijiji kimoja cha upande wa Busunzu. Tunakaribishwa kwenye uzinduzi wa daraja. Mgeni rasmi atakuwepo, usafiri watatuma wao. Nilifurahi, maana daraja ni habari inayojipanga yenyewe.

Usafiri ulikuwa pikipiki mbili. Tulipofika jana, viti vya plastiki vimepangwa, kwaya ya kinamama imevaa sare, utepe mwekundu umefungwa kwenye mianzi miwili. Nyuma ya utepe kuna mto. Juu ya mto kuna magogo mawili.

Basi.

Daraja la mbao lilichukuliwa na maji mvua za mwaka jana. Watoto wa ng'ambo wanavuka kwenda shule juu ya hayo magogo, na siku maji yakijaa hawaendi. Mwezi uliopita mmoja aliteleza, wakamdaka kwa sare yake.

Mgeni rasmi alikuwa Daphroza, mkulima wa maharage na katibu wa kamati ya shule. Alivaa kitenge kipya, akatembea polepole kama viongozi wanavyotembea, akakata utepe kwa mkasi wa fundi cherehani. Kisha akapokea kipaza sauti chetu.

"Kwa heshima niliyopewa, nazindua rasmi shida yetu. Inaruhusiwa kutumika kuanzia leo."

Watu walipiga makofi kwa uzito kabisa, na hakuna aliyecheka isipokuwa Mikidadi, ambaye alicheka mpaka picha ikatikisika.

Mimi nilikasirika. Nilimwita Daphroza pembeni nikamwambia wametudanganya, kwamba muhuri wa kijiji si kitu cha kuchezea, kwamba tumeacha kazi zetu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Dada, barua za kweli tulikuandikia," alisema. "Ego, ndiyo, tena mbili. Hukuja."

Ni kweli. Barua zote mbili nazikumbuka. Ya kwanza sikuimaliza kuisoma. Ya pili niliandika pembeni, kwa mkono wangu mwenyewe: hakuna usafiri. Halafu nikaisukuma chini ya nyingine. Hawakuwa wametudanganya. Walikuwa wametusoma, wakajua tunakula nini, wakatuandalia.

Nimeona aibu. Nimejaribu kuliandika kwa namna nyingine nimeshindwa.

Leo asubuhi nilikwenda Kasulu kwa Haji Seif kumwonyesha ile picha kabla ya kuirusha. Nilikuwa na woga. Siku zote nimeamini anataka habari tulivu, zisizomuudhi mteja wake wala kiongozi yeyote. Akijitoa, taarifa inakufa, na hapo mto wa nani utaonekana?

Nilimkuta anapima misumari. Wazee wake walitoka pwani, na adabu zao hajaziacha, kwa hiyo kwanza kahawa, kwanza habari za nyumbani. Kisha akaishika simu yangu, akatazama mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mimi hiyo taarifa yenu siitazami tangu mfungo uliopita."

Nilidhani ananitania.

"Nitazame nini? Utepe, makofi, mgeni rasmi. Mtu akisimama tu nishajua atakachosema. Nilitaka nikwambie tuachane kwa wema, haya ikanizuia."

Mwaka mzima nimekuwa nikimpikia mtu ambaye hali. Kila habari niliyoikata makali, niliikata kwa ajili yake. Yeye hakuomba. Sijui nimkasirikie nani hapo, maana aliyebaki ni mimi peke yangu.

Akairudisha picha nyuma, akamtazama Daphroza tena. Akasema ataendelea kutudhamini mpaka mavuno, kwa sharti moja: kila wiki habari moja tuifuate wenyewe, bila kualikwa. Pikipiki ya dukani tutaichukua kila Jumatatu. Akaniuliza, na hao wenye magari wakikununieni? Nikasema sijui.

Nimeanza kujua. Mikidadi hana siri, jana hiyo hiyo alishaonyesha picha nusu ya mji. Gari lililokuwa litupeleke Mabamba kesho limepata dharura. Aliyenipigia alikuwa mpole sana, mpole kuliko kawaida. Wengine watafuata, na mavuno si mbali. Huenda nimeanza kufanya kazi yangu vizuri ikiwa imebaki miezi michache ya kuifanya.

Habari ya mto itafungua taarifa ya Jumamosi. Nimeamua, sitaigusa.

Mchana nilimpigia Daphroza kumwambia hivyo, na kwamba Jumatatu tutarudi kuwaona watoto wakivuka, na tutaendelea kurudi mpaka pajengwe. Akashukuru. Akauliza tukija safari hii waandae nini, kwaya au chakula, na nani awe mgeni rasmi.

Nikamwambia wasiandae kitu.

Kisha akauliza, taratibu, bila ubaya wowote: "Sasa dada, kama hatuandai kitu, mtakuja kweli?"