Kitovu cha Lucien ndani ya jardinière

Bibiane, Apolline ametoka kwangu sasa hivi. Amenisimulia habari ya kitovu cha Lucien.

Unakumbuka wakati wa Zaïre, serikali ilipowanyang'anya wazungu mali, bwana yake alipewa ile villa ya muzungu pale Ibanda? Humo akamuzaa Lucien. Kitovu kinazikwa katika ardhi ya kwao mutoto, wewe unajua. Yeye akakizika ndani ya jardinière, lile sanduku la beton ya saruji lililojengwa pamoja na ukuta, chini ya dirisha la salon ya wageni. Udongo mwingi, maua mazuri. Akasema: sasa mutoto wangu iko na kwao.

Miaka miwili tu, muzungu akarudishiwa nyumba. Akaita masoni, fundi wa kujenga, avunje jardinière, eti inalowesha ukuta.

Apolline akamuomba masoni: "Papa, chimba polepole, kitovu cha mutoto iko mule."

Masoni akagonga chini kwa nyundo. Ko! Ko! "Maman, huku chini iko beton. Huu udongo haukugusa ardhi hata siku moja."

Hata siku moja, Bibiane!

Kitendawili: shamba gani halina nchi? Jibu usiniandikie.

Akaufunga ule udongo wenye kitovu katika kitenge, akatoka barabarani na Lucien mugongoni. Hakuwa tena na kiwanja, hata cha kutandika mukeka. Akasimama pale, hajui aumwage wapi.