Bibi Akataa Kuzeeka Mbele ya Afisa

Ndugu yangu, pokea taarifa hii ukiwa umeketi. Pesa za wazee, zile za kumnunulia bibi dawa za presha, zimeota mbawa.

Wiki nzima nimemfundisha kuchechemea. Wapi! Kufika ofisi ya ustawi wa jamii, afisa ni mzee mtanashati, mvi zimechanwa vizuri. Bibi akanitupia mkongojo.

Afisa: "Mama, hapa tunaangalia umri tu. Sabini kwenda juu. Wewe una mingapi?"

Bibi: "Hamsini na tisa."

HAMSINI NA TISA. Mama yangu, bintiye wa kumzaa, ana hamsini na mbili. Piga hesabu kimya kimya.

Nikamnong'oneza atoe kitambulisho. Akanikanyaga.

"Nimekisahau nyumbani." Kimo kifuani mwake!

Afisa: "Basi rudi ukishazeeka, mama."

Njia nzima bibi anatabasamu: "Umemsikia? Ameniamini."